Shajara ya mradi: kuuchora Mto São Francisco kwenye mkanda mmoja wa karatasi

Januari

Tumeanza. Kazi yenyewe ni kuuchora Mto São Francisco wa Brazil kwenye mkanda mmoja wa karatasi, tangu unapochipuka milimani katika jimbo la Minas Gerais hadi unapomwaga maji yake Atlantiki, maelezo yote yakiwa kwa Kiswahili. Kipimo tulichokubaliana ni 1:500,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita tano za nchi. Mto una kilomita 2,800 na ushei, kwa hiyo mkanda utakaribia mita sita. Kwa kuwa tunaunyoosha mto, kila karatasi itakuwa na mshale wake wa kaskazini. Kazi ikikamilika, nakala za kwanza zitatundikwa kwenye shule za sekondari zilizotuahidi ukuta, na faili litakuwa huru kwa mwalimu yeyote atakayetaka kulichapisha.

Watu wananiuliza kwa nini si Amazon. Amazon unafahamika, vitabu vyetu vya jiografia vinautaja na wanafunzi wanaujua angalau kwa jina. São Francisco hautajwi, ilhali ndio mto unaofundisha zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Unazaliwa kwenye mvua, kisha unakwenda kupita kwenye ukame. Kwa sehemu kubwa ya safari yake unaelekea kaskazini, bahari ikiwa mbali upande wa mashariki, mpaka unapofika maeneo ya Cabrobó, Pernambuco, ndipo unapojipinda na kushuka kusini-mashariki kuitafuta pwani. Bonde lake ni takriban kilomita za mraba 640,000 na lote limo ndani ya Brazil: Minas Gerais, Goiás, eneo la mji mkuu Brasília, Bahia, Pernambuco, Alagoas na Sergipe.

Data hazikuwa shida. Wakala wa maji wa Brazil, ANA, unatoa takwimu za mabwawa na vituo vya kupimia maji bila malipo, na IBGE, taasisi ya taifa ya takwimu na jiografia, inatoa ramani za msingi. Tunachora kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani. Nyaraka za Kireno zinasomwa na mwenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambaye Kiswahili na Kireno vyote ni vyake.

Jambo lililotukalisha sana ni unene wa mstari. Ramani za kawaida huuchora mto kama uzi penye chanzo, kisha ukanenepa polepole hadi baharini. Kwa São Francisco picha hiyo si kweli. Karibu robo tatu ya maji yake hutoka Minas Gerais, jimbo lisilofikia hata nusu ya eneo la bonde. Ukishapita mji wa Barra, Bahia, huna tena tawimto kubwa lenye maji mwaka mzima. Kuanzia hapo, kwa kilomita elfu moja hivi, mto unatoa tu: unalipa jua, mashamba, miji na mifereji. Mwanafunzi akiona mstari ulionenepa hadi baharini ataamini kwamba nchi yote inauchangia mto. Nataka aone ni nani anatoa na ni nani anachukua.

Kwa hiyo kanuni ya mradi ni hii: unene wa mstari utafuata kiasi cha maji yanayopita mahali, milimita moja kwa kila mita za ujazo 250 kwa sekunde. Umbali kutoka kwenye chanzo hautahusika.

Wazo la mkanda si geni kwa mto huu. Mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, Henrique Halfeld, aliupima kuanzia maporomoko ya Pirapora hadi baharini kati ya 1852 na 1854 kwa amri ya Mfalme wa Brazil, Dom Pedro II, na atlasi yake ikachapishwa 1860. Kila bwawa lililojengwa baadaye linaweza kulinganishwa na alichokiona yeye kabla ya mto kuguswa, na tutamrudia mara kwa mara.

Februari: Canastra hadi Três Marias

Karatasi za kwanza zimekamilika. Mto una vyanzo viwili na tumevichora vyote viwili. Kile kinachojulikana na kila Mbrazil kiko kwenye uwanda wa juu wa Serra da Canastra, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1972, katika manispaa ya São Roque de Minas. Ni nyasi, mawe, na maji yanayochuruzika kutoka ardhini, sanamu ya Mtakatifu Fransisko ikiwa pembeni. Muda si mrefu kijito hicho kinafika ukingoni mwa uwanda na kuanguka kwa mkupuo kwenye Casca d'Anta, maporomoko ya mita 186 hivi. Chanzo cha pili ni cha Mto Samburá, manispaa ya Medeiros. Wataalamu wa Codevasf, shirika la serikali linaloshughulikia bonde hili, walipopima waligundua kwamba Samburá ndio mkono mrefu zaidi, na kwa kanuni za jiografia urefu wa mto ungehesabiwa kutoka huko. Kwenye ramani yetu hesabu ya kilomita inaanzia Samburá, na jina la mto linaanzia Canastra. Heshima ya watu kwa Canastra ni ya karne nyingi na haiondolewi na futi kamba.

Pembeni ya Canastra nimeweka maelezo mafupi: Septemba 2014, katika ukame mkali, chemchemi hiyo ilikauka. Mto haukufa kwa sababu hiyo, kwa kuwa una mamia ya vijito vingine, lakini habari ile iliwashtua Wabrazil kuliko takwimu yoyote ya mabwawa.

Três Marias ndilo bwawa kubwa la kwanza kwenye mto wenyewe, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwa lake ni karibu kilomita za mraba 1,000. Kazi yake ya kwanza ni kuyashika maji ya masika, yanayofurika kati ya Desemba na Machi, na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mstari wetu hapa una unene wa kama milimita tatu.

Ndani ya ziwa hilo linaingia tawimto la Paraopeba. Hapa tulibishana. Tarehe 25 Januari 2019, huko Brumadinho, kingo za bwawa la kuhifadhia taka za mgodi wa chuma zilipasuka, watu wapatao 270 wakafa, na tope likaingia Paraopeba. Mmoja wetu alisema ramani ya mto si mahali pa msiba. Mimi nasema tope lile lilifuata mkondo uleule tunaouchora, na samaki wa Paraopeba walikufa ndani ya maji ambayo sisi tunayapaka buluu. Limechorwa, kwa nukta za kahawia, na limebaki.

Machi: Pirapora hadi Barra

Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, na karatasi zake zimechukua muda mrefu.

Pirapora ni mwisho wa mto wa juu. Kuna miamba na maji ya kasi, halafu mto unatulia, na kutoka hapo hadi miji pacha ya Juazeiro na Petrolina kuna kilomita 1,371 ambazo vyombo vimesafiri kwa vizazi. Chini kidogo ya Pirapora, penye kijiji cha Barra do Guaicuí, linaingia Rio das Velhas. Tuliitazama picha ya satelaiti ya makutano hayo kwa muda. São Francisco unafika ukiwa na maji ya kijani, kwa kuwa mashapo yake yamekwisha kutuama ndani ya ziwa la Três Marias. Velhas hauna ziwa kubwa la kuusafisha. Unaanzia karibu na Ouro Preto, unapita kwenye nchi ya migodi na kupokea maji machafu ya Belo Horizonte, na unafika ukiwa na rangi ya udongo. Mito hiyo miwili inakwenda bega kwa bega kwa umbali fulani, kijani huku na kahawia kule, kabla ya kuchanganyika. Kijijini hapo kuna magofu ya kanisa la mawe ambalo halikuezekwa, na juu ya ukuta wake umeota mti mkubwa, mizizi ikishuka kwenye mawe hadi ardhini. Nimeuchora mti huo, mdogo kwa kalamu. Ndio mti pekee kwenye mkanda mzima.

Njia ya Velhas nimeiwekea pia nukta nyekundu, za safari ya Richard Burton. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu: ndiye aliyetoka Zanzibar 1857 pamoja na Mwingereza mwenzake Speke, wakapita Tabora hadi Ujiji, Sidi Mubarak Bombay akiwa miongoni mwa watu waliowawezesha kufika. Miaka michache baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza mjini Santos, na 1867 aliteremka Velhas kutoka Sabará kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, akaingia São Francisco na kuufuata hadi maporomoko ya Paulo Afonso. Mwanafunzi atakayesoma habari zake za Ziwa Tanganyika ataikuta nukta nyekundu na kuona kwamba mtu huyo aliufuata na mto huu.

Kuanzia Barra do Guaicuí ndipo mstari unaponenepa kweli, na unene wote unatoka kushoto. Paracatu, tawimto linalotoa maji mengi kuliko yote, linatoka magharibi. Urucuia vilevile. Kisha Carinhanha, unaogawanya Minas Gerais na Bahia, halafu Corrente, halafu Grande unaoingia mjini Barra. Upande wa kulia kuna matawimto, Verde Grande kwa mfano, lakini ni membamba, na wakati wa kiangazi hubaki na maji kidogo sana.

Sababu iko chini ya ardhi, na hili nimelipa karatasi ndogo ya pembeni yenye mchoro wa mkato. Magharibi mwa mto kuna nyanda za juu za cerrado, savana ya Brazil, zilizokaa juu ya tabaka nene la mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha inazama. Jiwe la mchanga linaihifadhi na kuitoa taratibu kupitia chemchemi mwaka mzima. Hifadhi hiyo ya maji ya ardhini inaitwa Urucuia. Agosti, wakati mbingu ni kavu kabisa, maji yanayopita Bom Jesus da Lapa ni mvua iliyonyesha zamani na kuchelewa chini ya ardhi. Bila nyanda hizo São Francisco usingefika baharini wakati wa kiangazi.

Na hapohapo juu ya nyanda ndipo palipojaa mashamba makubwa. Ukizitazama picha za satelaiti za Barreiras na Luís Eduardo Magalhães unaona maduara ya kijani yaliyopangwa kama sahani mezani. Kila duara ni mtambo wa kumwagilia unaozunguka kwenye nguzo yake. Soya, pamba, mahindi. Novemba 2017 wakazi wa Correntina waliingia barabarani kwa maelfu kuutetea Mto Arrojado, mmoja wa mito inayounda Corrente, dhidi ya uchotaji wa mashamba hayo. Maduara nimeyachora yalivyo, na ni mengi, na yanatisha kidogo yanapokaa karibu na chemchemi zenyewe. Hakuna jambo kwenye mkanda huu ninalotaka lionekane zaidi ya hilo.

Juu ya watu wa sehemu hii ningeweza kuandika mkanda mwingine. Meli za mvuke zilipanda na kushuka hapa kwa miongo mingi. Iliyobaki maarufu ni Benjamim Guimarães ya Pirapora, iliyoundwa Marekani 1913. Zilikula kuni, na kuni zilikatwa kwenye misitu ya kingo. Kingo zikabaki tupu, zikaporomoka, mto ukapanuka na kupungua kina. Vyombo vya kale zaidi vilibeba kwenye omo kichwa cha kuchonga, nusu mtu nusu mnyama, meno nje na nywele nyingi, kinachoitwa carranca. Mchongaji aliyesifika kuliko wote, Francisco Guarany wa Santa Maria da Vitória, aliishi zaidi ya miaka 100. Bom Jesus da Lapa ina mlima wa mawe ya chokaa uliosimama peke yake ukingoni, na kanisa liko ndani ya pango lake. Mahujaji hujaa mjini Agosti 6.

Tukifika Barra, mstari una milimita kumi na moja. Hautanenepa tena.

Aprili: Sobradinho

Karatasi hizi zilileta tatizo la kuchora. Ziwa la Sobradinho lina urefu wa zaidi ya kilomita 300 na, likijaa, eneo la kilomita za mraba 4,214. Kwa kipimo chetu ni umbo kubwa la buluu lenye urefu wa zaidi ya nusu mita, na jicho linaliona kama utajiri. Lakini maji yaliyoongezeka hapo hayapo. Ni maji yaleyale yaliyosimamishwa, na kwa kuwa yametandazwa kwenye nchi yenye jua kali na mvua haba, mengi yanapaa hewani kila siku. Tumeamua ziwa lipakwe buluu hafifu na mkondo wa zamani upite katikati yake kwa buluu nzito, unene wake ukiwa ule wa maji yanayopita.

Kwenye buluu hafifu tumeandika majina ya miji iliyozama: Casa Nova, Sento Sé, Remanso, Pilão Arcado. Watu wapatao 70,000 walihamishwa bwawa lilipojengwa miaka ya 1970. Miji mipya imebeba majina yaleyale kwenye mwambao mpya. Wengi wa waliohama walikuwa wakulima wa kingo, waliopanda mihogo na maharage kwenye udongo ulioachwa na maji yakishuka, na mwambao wa ziwa haupandi na kushuka kwa kalenda ile. Waliojengewa miji hawakupewa mto wao.

Mwisho wa 2015 ukame uliliteremsha ziwa hadi asilimia mbili hivi ya maji yake yanayoweza kutumika. Magofu ya miji ya zamani yakaonekana. Umbo la ziwa mwaka huo limechorwa kwa mstari mwembamba ndani ya umbo kubwa, na tofauti yake haihitaji maelezo.

Mei: Petrolina hadi Cabrobó

Petrolina iko Pernambuco, Juazeiro iko Bahia, daraja katikati. Hapa ni caatinga, nchi ya vichaka vya miiba na mbuzi, mvua yake ikiwa chini ya milimita 500 hivi kwa mwaka. Pamoja na hayo, maembe na zabibu za Brazil zinazouzwa Ulaya hutoka hapa kwa wingi. Jua halikosekani na baridi haipo; mkulima akiwa na maji ya kupima, anavuna zabibu zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mifereji ya umwagiliaji imechorwa rangi ya machungwa. Nimewaambia wenzangu kwamba rangi hiyo isiwe ya lawama: ajira za miji hii miwili zimetoka kwenye mifereji hiyo.

Karibu na Cabrobó, penye kisiwa cha Assunção cha Watruká, watu wa asili wa hapa, mto unajipinda, na hapo unaanza mfereji wa kaskazini wa mradi mkubwa wa kuyahamisha maji. Wazo lilikuwapo tangu enzi za Dom Pedro II. Ujenzi ulianza 2007. Mifereji miwili, ya kaskazini na mashariki, ina jumla ya kilomita 477 na inapandisha maji juu ya vilima kwa pampu ili yafike Paraíba, Ceará, Rio Grande do Norte na sehemu kavu za Pernambuco. Mfereji wa mashariki ulifika Monteiro, Paraíba, Machi 2017. Maji ya kaskazini yaliingia Ceará 2020. Askofu wa Barra, Luiz Flávio Cappio, alifunga kula mara mbili kuupinga, 2005 na 2007, akidai mto uponywe kwanza kabla ya kuchotwa.

Kibali cha kudumu ni mita za ujazo 26.4 kwa sekunde. Kwa kanuni yetu huo ni mstari wa sehemu ya kumi ya milimita, ambao printa haiwezi kuuonyesha vizuri, kwa hiyo umechorwa kwa alama badala ya unene. Mjadala wa mradi huu ulikuwa mkubwa kuliko kiasi cha maji. Kwangu, mwenye ndoo kwenye mji wa Monteiro ana haki ya kunywa. Ninachokiona kwenye ramani ni kwamba kilomita mia kadhaa juu yake, kwenye nyanda za magharibi mwa Bahia, uamuzi wa kama maji yatakuwapo unafanywa bila kelele nyingi kiasi hicho.

Juni: Itaparica, Paulo Afonso, Xingó

Karatasi za mabwawa. Itaparica, lililojazwa 1988, lilizamisha Petrolândia ya zamani, na sehemu ya juu ya kanisa lake bado inachungulia juu ya maji. Watuxá, watu wa asili wa Rodelas, nao walipoteza kisiwa chao cha kulima.

Paulo Afonso ilikuwa maporomoko ya mita 80 hivi, mto mzima ukijibana kwenye mwamba. Dom Pedro II alikuja kuyaona 1859. Mwaka 1913 mfanyabiashara Delmiro Gouveia alijenga upande wa Alagoas kituo kidogo cha kufua umeme, Angiquinho, kilichoshikamana na ukuta wa korongo, cha kwanza cha aina yake kaskazini-mashariki mwa Brazil. Shirika la umeme la serikali, Chesf, lilifuata na vituo vikubwa kuanzia miaka ya 1950, na sasa maji yanapita ndani ya mwamba kwenda kwenye mitambo. Maporomoko yenyewe hubaki mawe makavu isipokuwa milango ya bwawa ifunguliwe. Nimeyachora kwa mstari wa nukta, na kando yake tarehe ya Halfeld, aliyeyapima yakiwa na sauti.

Chini yake ni Xingó, lililoanza kufua umeme 1994, megawati 3,162, ziwa lake likijaza korongo la mawe mekundu. Baada ya hapo mto hauna bwawa tena hadi baharini.

Julai: mto wa chini

Kutoka Piranhas hadi Penedo mto unapanuka na kutulia, Alagoas kushoto na Sergipe kulia. Zamani masika yalipofika, maji yalipanda na kuingia kwenye mabwawa ya asili ya kingoni. Samaki walizaa humo, na maji yakishuka watu walipanda mpunga kwenye tope jipya. Mabwawa ya umeme yamefuta kupanda na kushuka huko. Grafu ndogo pembeni inaonyesha miezi kumi na miwili kabla na baada: mlima mmoja mkubwa, kisha mstari ulio karibu sawa.

Hapa nimeweka pia mstari wa pili, mwekundu, wa mwaka 2017. Wastani wa asili wa muda mrefu ni karibu mita za ujazo 2,800 kwa sekunde, yaani milimita kumi na moja. Katika ukame ule, maji yaliyoachiwa kutoka kwenye mabwawa yalipunguzwa hatua kwa hatua kutoka kiwango cha chini cha 1,300 hadi 550. Milimita mbili na kidogo. Kwa mwaka huo mto ulifika baharini ukiwa mwembamba kuliko tulivyouchora Três Marias, karibu na mwanzo wake.

Bahari ilitumia nafasi. Maji ya chumvi yalipanda mto hadi Piaçabuçu, watu wakalalamikia maji ya kunywa, na samaki wa baharini wakaanza kunaswa mahali palipokuwa pa samaki wa mto. Mashapo nayo yamekwama nyuma ya mabwawa, kwa hiyo mlango wa mto haupokei tena mchanga wa kujirekebisha. Upande wa Sergipe kulikuwa na kijiji cha Cabeço. Bahari imekimeza, na mnara wake wa taa umesimama ndani ya maji. Upande wa Alagoas ni matuta ya mchanga na minazi.

Wareno walifika kwenye mlango huu tarehe 4 Oktoba 1501, siku ya Mtakatifu Fransisko, Amerigo Vespucci akiwa kwenye msafara. Watu wa hapa waliuita mto Opará. Majina yote mawili yameandikwa, na Opará liko juu.

Hali ya mradi sasa

Karatasi zote zimechorwa na kuunganishwa. Zilizobaki ni kazi za mkono: majina ya matawimto madogo ya Pernambuco, Pajeú na Moxotó, ambayo hukauka sehemu ya mwaka na yanahitaji mstari uliokatika, ufunguo wa rangi, na mizani ya unene ambayo lazima isomeke na mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma. Mwenzetu wa Cabo Delgado anahakiki tahajia za Kireno, hasa alama za juu ya herufi, ambazo duka la kuchapisha lilizipoteza kwenye jaribio. Buluu hafifu ya Sobradinho nayo ilitoka nzito mno kwenye karatasi yao, tunaipunguza. Shule ya kwanza imepima ukuta wake: korido ya madarasa ya kidato cha tatu, upande usiopigwa na jua, chanzo kitakaa karibu na ngazi na mlango wa mto karibu na maktaba. Tunachapisha mara tu tahajia zitakaporudi.